Mbunge Aliyekwenda Dodoma na Vitabu vya Watoto

 

Jioni hii nina kisa cha mbunge mmoja na vitabu vya shule. Siku ya Alhamisi, tarehe 31 Januari 2013, James Mbatia alisimama bungeni Dodoma kuwasilisha hoja binafsi kuhusu udhaifu katika sekta ya elimu. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha NCCR-Mageuzi na mbunge wa kuteuliwa. Rais Jakaya Kikwete alimteua mwaka uliotangulia. Hakuwa na jimbo. Hapakuwa na kijiji kilichomtuma akaombe kisima wala barabara. Alikwenda na swali ambalo kwa masikio ya wengi lilikuwa geni kabisa: mtaala wa elimu wa nchi hii uko wapi? Na kama upo, mbona vitabu wanavyosoma watoto vimejaa makosa?

Tusimame kidogo kwenye neno hilo, mtaala, maana hutajwa sana na kuelezwa kwa nadra. Mtaala ni ramani ya shule nzima. Humo ndimo huandikwa mtoto afundishwe nini, kwa mpangilio gani, kwa saa ngapi, na apimwe vipi. Muhtasari wa somo hutoka kwenye mtaala. Kitabu hutoka kwenye muhtasari. Mtihani nao hutungwa humo humo. Ramani ikikosewa, fundi hata awe hodari namna gani atajenga nyumba iliyopinda, na mwalimu ndiye fundi huyo. Mbatia aliigusa ramani. Wengi wetu tumezoea kulalamikia bati na madawati.

Serikali ilijibu kwamba mitaala ipo, na Waziri wa Elimu wa wakati ule, Dkt. Shukuru Kawambwa, aliitetea wizara yake. Majibizano yalikuwa makali. Mbatia alitaka iundwe kamati teule ya Bunge ichunguze. Kura zilipoamua, wingi ulikuwa upande wa Serikali, na hoja ikaanguka.

Wiki chache baadaye, tarehe 18 Februari, yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012. Mwenye mtoto mtihanini mwaka ule hajasahau. Takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Zaidi ya vijana laki mbili waliokaa darasani miaka minne walirudi nyumbani bila hata daraja la nne. Kuna nyumba ambazo chakula hakikuliwa siku ile. Wazazi walikuwa wameuza mbuzi, wamekopa kwenye vikoba, wamelipa ada na michango, na mtoto ameshika karatasi asiyojua aipeleke wapi.

Nitakuwa mkweli kwako. Sisemi kwamba hoja ile ingepita, vijana wale wangefaulu. Mtihani ulikwisha kufanyika tangu mwaka uliopita. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na mtu aliyesimama mbele ya Bunge kabla matokeo hayajatoka, akaeleza kwamba msingi una ufa, na ukumbi ukamwambia kaa chini. Kisha ukuta ukaonyesha ufa wenyewe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mwezi Mei Serikali ikalitangazia Bunge kwamba matokeo yanafutwa na yatapangwa upya kwa viwango vya zamani. Na kabla mwaka haujakwisha, ile kamati iliyokuwa ikivipa ithibati vitabu vya shule, iliyojulikana kwa kifupi EMAC, ikavunjwa. Mbatia alikuwa ameendelea kuleta vitabu bungeni, anafungua ukurasa, anasoma kosa, anaonyesha muhuri wa kuidhinishwa uliopigwa juu yake. Hoja ilishindwa kwa kura. Vitabu vikashinda kwa kurasa zao wenyewe miezi michache baadaye.

Kazi ya kuandaa vitabu ikarejeshwa mikononi mwa Serikali, kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na mfumo ukawa kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo. Ungedhani kisa kimekwisha. Mwaka 2017 Mbatia, sasa akiwa mbunge wa kuchaguliwa wa Vunjo, alirudi tena bungeni na vitabu. Safari hii vilikuwa vya Taasisi yenyewe, na makosa yalikuwamo. Waziri wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alichukua hatua: vitabu vikaondolewa, na watumishi wakasimamishwa kazi.

Mimi simsimulii Mbatia ili umpende au uipende siasa yake. Vyama vina wenyewe. Namsimulia kwa sababu nadhani alituonyesha jinsi ya kumpima mbunge, chama chake kiwe chochote. Mbunge anaposema anajali elimu, tazama ameweka kitu gani mezani. Na anaposhindwa kwa kura, tazama kama atarudi. Kusema kwamba elimu ni ufunguo wa maisha kila mtu anaweza. Maneno hayo hayajawahi kukosa makofi. Kufungua ukurasa wa kitabu cha mtoto wa darasa la tatu na kusoma kosa kwa sauti, waziri akiwa amekaa mita chache kutoka hapo, kunahitaji mtu aliyekesha akisoma.

Sasa tuhame kutoka kwenye kitabu, tutoke nje ya darasa, twende uwanjani.

Bunge letu lina kamati ya kudumu inayoitwa Kamati ya Elimu, Utamaduni na Michezo. Jina hilo nalipenda. Limeviweka pamoja vitu vitatu ambavyo kwa mtoto ni kitu kimoja. Asubuhi huyo huyo anasoma, saa nne anaimba na kucheza rede, jioni anakimbiza mpira, na lugha anayotumia kwa yote hayo ndiyo utamaduni wake. Lakini ukitoka kwenye kamati, mtoto huyu anagawanywa. Mtaala wake uko Wizara ya Elimu. Mwalimu wake na jengo la shule yake viko TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa, chini ya halmashauri. Michezo na sanaa zina wizara yao nyingine. Kwa hiyo mbunge akitaka kuuliza kwa nini shule fulani jimboni kwake haina mpira wala mwalimu wa michezo, hana budi kuuliza sehemu tatu, na kila sehemu inaweza kumwelekeza kwa mwenzake. Mbunge mvivu ataishia kwa wa kwanza.

Wenye umri wa kutosha watakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati huo elimu na utamaduni zilikuwa wizara moja, Wizara ya Elimu na Utamaduni, chini ya marehemu Joseph Mungai, mbunge wa Mufindi. Na ni katika kipindi hicho hicho michezo ya shule ilisimamishwa. Mashindano ya UMISHUMTA ya shule za msingi na UMISETA ya sekondari, kama yalivyoandikwa enzi hizo, yakafungwa. Hoja ilikuwa kwamba zinakula muda wa masomo. Fizikia na kemia zikaunganishwa kuwa somo moja, na michepuo ya kilimo na biashara ikaondolewa. Mungai alikuwa mtu mwenye bidii na aliamini anachokifanya. Shule nyingi zilijengwa wakati wake, na hilo lazima lisemwe. Lakini kuhusu michezo alikosea, na alikosea vibaya. Alipoingia Margaret Sitta mwaka 2006, mwalimu aliyetoka katika uongozi wa Chama cha Walimu, michezo ikarudishwa shuleni.

Miaka ile michache ilitugharimu kuliko tunavyofikiri. Mashindano ya shule yalikuwa na ngazi zake: shule, kata, tarafa, wilaya, mkoa, hadi taifa. Mtoto wa kijijini asiyejulikana na mtu alipandishwa lori kwenda wilayani, akilala kwenye madarasa ya shule nyingine, akila ugali na maharage kutoka sufuria moja na watoto wa makabila asiyowahi kuyasikia. Huko ndiko alikoonekana na kocha. Huko ndiko alikojifunza kushindwa na kumpa mkono aliyemshinda. Ngazi ile ikikatwa kwa miaka mitano, huwezi kuirudisha kwa waraka mmoja wa wizara. Walimu waliokuwa wakiisimamia wamehamishwa au wamestaafu. Filimbi imepotea. Na uwanja, msikilizaji, uwanja umeuzwa au umejengewa.

Shule niliyosoma mimi ilikuwa na uwanja ambao ukisimama goli la kusini huoni vizuri anayesimama goli la kaskazini. Kulikuwa na miembe upande mmoja, na mwalimu wa zamu alikaa chini yake na daftari la majina. Nilipita hapo si zamani. Kuna fremu za maduka upande wa barabara, kuna nyumba za watu upande wa pili, na kipande kilichobaki kinatosha watoto kusimama mstarini asubuhi. Jioni hakuna anayekimbia, kwa sababu hakuna pa kukimbilia. Nilikaa kimya kwenye pikipiki kwa dakika kadhaa, dereva akaniuliza kama nimesahau kitu.

Ndiyo maana nasikiliza kwa makini wabunge wanapozungumzia michezo. Wengi huzungumzia Taifa Stars, Simba na Yanga, na viwanja vikubwa. Kwa sasa tuna sababu ya kuvizungumzia: mwaka 2027 tutaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika pamoja na Kenya na Uganda, na Arusha kunajengwa uwanja wa watazamaji 30,000. Nafurahi kama mwingine yeyote. Lakini tukumbuke medali zetu zimetoka wapi. Medali zote mbili za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata ni za fedha, zote za Moscow mwaka 1980, na zote za mbio: Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000 na Filbert Bayi kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Bayi huyo ndiye aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, akikimbia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida akatwaa dhahabu ya marathoni ya dunia, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Na riadha haidai mengi kwa kuanzia: eneo la wazi, mwalimu mwenye saa, na ratiba inayomruhusu mtoto atoke darasani kabla jua halijazama.

Basi mbunge anayetaka kuisaidia michezo aanze hapo. Aulize halmashauri yake: ni shule ngapi jimboni zina hati ya kiwanja? Kwa maana shule isiyo na hati itamegwa leo kidogo, kesho kidogo, na siku ya mashtaka hakuna karatasi. Ni swali la nusu dakika. Jibu lake linaweza kuokoa uwanja wa vizazi vitatu.

Na utamaduni je? Hapa nataka niwe mfupi kwenye ngoma na mavazi, ambavyo vina watetezi wengi, nikae zaidi kwenye lugha.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kwa mara ya kwanza kama Rais wa Jamhuri, alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Nchi ilikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru na madaktari wa kuhesabika kwa vidole, naye akaona utamaduni unastahili waziri. Lawi Nangwanda Sijaona, aliyepata kuiongoza wizara hiyo siku za mwanzo, leo jina lake lipo kwenye uwanja wa mpira wa Mtwara. Sheikh Amri Abedi, mshairi na meya, aliyefariki Oktoba 1964 akiwa waziri wa maendeleo ya jamii na utamaduni wa taifa, jina lake lipo kwenye uwanja wa Arusha. Wapenzi wa mpira huyataja majina hayo kila wiki bila kujua kwamba wanawataja mawaziri wa utamaduni. Sheikh Amri aliandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na vijana wakapiga mpira chini ya jina lake. Wazee wetu hawakuona ukuta kati ya shairi na uwanja.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilisema wazi kwamba Kiswahili kiandaliwe kiwe lugha ya kufundishia katika ngazi zote za elimu. Ni karibu miaka thelathini sasa. Bunge lenyewe hujadiliana kwa Kiswahili. Mwaka 2021 lilipitisha marekebisho ya sheria yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Kabla ya hapo wabunge walijadili kwa Kiswahili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza. Lakini mtoto anayemaliza shule ya msingi ya umma, aliyesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kimebadilika siku hiyo hiyo. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anaeleza kwa Kiswahili, na mtihani unaulizwa kwa Kiingereza. Mtoto anayajua majibu ila hayajui maswali. Baadhi ya zile sifuri za 2012, mimi naamini, zilitoka hapa.

Najua wazazi wengi wanaogopa. Wanasema mwanangu akifundishwa kwa Kiswahili atakosa dunia. Hofu yao naiheshimu, kwa kuwa wanaona nani anaajiriwa na nani anaachwa. Lakini kukijua Kiingereza vizuri kunahitaji kifundishwe vizuri kama somo, na walimu wanaokimudu. Kukitumia kufundishia baiolojia kwa mwalimu na mwanafunzi wasiokimudu kunamnyima mtoto Kiingereza na baiolojia pamoja. Huo ndio msimamo wangu, na ningependa kusikia wabunge wengi zaidi wakiusema au wakiupinga kwa hoja. Wengi hukwepa, kwa kuwa ni jambo lisiloleta kura.

Upande wa sanaa kuna mbunge ambaye lazima nimtaje. Joseph Mbilinyi, ambaye vijana wanamjua kwa jina la Sugu, alitoka kwenye maikrofoni ya muziki wa kizazi kipya akaingia bungeni mwaka 2010 kupitia CHADEMA, mbunge wa Mbeya Mjini kwa miaka kumi, na waziri kivuli wa habari, vijana, utamaduni na michezo. Alilobeba yeye ni jasho la msanii: nani anauza kazi ya mwenzake, nani anaipiga bila kulipa, na hakimiliki ina meno gani. Sheria ya hakimiliki tulikuwa nayo tangu 1999, na chombo chake, COSOTA, kwa miaka mingi kilikuwa chini ya wizara ya viwanda na biashara kabla ya kuhamishiwa kwenye utamaduni na sanaa. Aliyewahi kurekodi na kuibiwa anajua swali la kuuliza. Huo ndio uzito wa mtu kuzungumzia alichokiishi, na Bunge linauhitaji: mwalimu azungumzie chaki, mkulima mbolea, msanii mirabaha.

Turudi kwenye ramani tulipoanzia. Mwaka 2025, miaka kumi na miwili tangu hoja ya Mbatia iwasilishwe, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023. Elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, shule ya msingi miaka sita, na mitaala mipya inaingia kwa awamu. Sanaa na Michezo ni somo ndani ya mtaala wa shule ya msingi. Lile lililofungwa miaka ya 2000 sasa lina ukurasa wake kwenye ramani. Naliunga mkono kwa moyo wote.

Ila ukurasa haupigi filimbi. Somo lina muhtasari. Je, lina mwalimu aliyesomea? Lina kitabu, je, nani amekisoma kabla hakijafika kwa mtoto? Lina vipindi kwenye ratiba. Je, kipindi hicho kinatumika uwanjani, au ndicho kinachochukuliwa kwa ajili ya hesabu mtihani ukikaribia? Mambo haya hayaonekani kutoka Dodoma. Yanaonekana kwako, msikilizaji, ambaye mtoto wako anarudi jioni na begi mgongoni.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Usiku huu, chukua kitabu kimoja cha kiada cha mtoto, chochote kile, msome pamoja kurasa kumi. Ukikuta kosa, liandike: jina la kitabu, darasa, ukurasa. Kisha mtafute mbunge wako mapema, kabla Bunge la bajeti halijaanza mwezi Aprili, umpe karatasi hiyo mkononi, na umuulize kama uwanja wa shule ya kijiji chenu una hati. Mwambie utasikiliza redio siku ya wizara ya elimu na siku ya wizara ya michezo. Halafu sikiliza kweli.